Kipya Kinyemi, Ingawa Kinakula Bando

Usiku mmoja mwaka 2022, chumbani kwangu Butimba, nilimaliza bando la wiki nzima. Sikutazama filamu. Nilipakua Rtools42, zana za kujengea pakeji za R kwenye Windows, kwa sababu zilikuwa mpya. Laptopu yangu ilikuwa na R 4.1. Nilipozilazimisha zifanye kazi pamoja, modeli yangu ya mavuno ya dagaa iligoma kujengeka.

Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ni rahisi. R 4.2, iliyotoka Aprili 2022, ilihamisha R ya Windows kutoka maktaba ya C iitwayo MSVCRT kwenda UCRT. Msimbo uliojengwa kwa moja hauungani na wa nyingine. R 4.0 na 4.1 zinataka Rtools40, 4.2 inataka Rtools42, 4.3 inataka Rtools43. Zote zina kompaila ya GCC ndani, ila kila moja na toleo lake. Miaka yote ya darasani nilifundishwa kubishana kuhusu SPSS, Stata na R. Hili hakuna aliyenigusia.

Wapo watakaosema: ya nini hayo, wakati pakeji za CRAN zinakuja zimeshajengwa? Kweli, kwa regresheni na grafu utamaliza shahada bila kukutana na kompaila. Lakini chukua TMB, inayotumiwa sana na watafiti wa uvuvi. Unaandika modeli yako kwa C++, na kompaila ya mashine yako ndiyo inayoigeuza iweze kuendeshwa ndani ya R. Hakuna atakayekujengea, maana modeli ni yako. Dagaa wa Ziwa Victoria ana maisha mafupi. Kumvalisha modeli iliyoshonewa samaki wa bahari baridi anayeishi miaka mingi ni uvivu, hata ukiuita utafiti.

Wengine husema, "Hamia Linux." Ushauri mzuri: kwenye Ubuntu, r-base-dev inakuletea kompaila za C, C++ na Fortran kwa mkupuo. Lakini mwenye laptopu ya kuazima hawezi kufuta Windows ya dada yake. Na anayetuambia tununue Mac, mbali na bei, asisahau kwamba kompaila ya Apple haina Fortran, ambayo R bado inaitegemea.

Msimamo wangu ni huu: chagua kompaila inayolingana na R yako, hata kama imezeeka. Darasa lichague toleo moja la R mwanzoni mwa mwaka. Mmoja apakue R na Rtools yake, wengine wapate kwa flashi. Asihame mtu hadi tasnifu itetewe. Na kwenye sura ya mbinu, toleo la R na la kompaila yaandikwe kama tunavyoandika ukubwa wa sampuli.

Mtaona ni mambo madogo. Lakini namba zetu zinaweza kufika mezani pa wanaoamua nani avue, lini, na kwa nyavu gani. Mvuvi akiuliza tulizipataje, mtu mwingine aweze kujenga modeli ileile na kupata jibu lilelile. Asipoweza, tulichomletea mvuvi ni umbea wenye desimali.