Sanaa ya Mbulu na Hanang haifi kwa kukosa mfadhili

Imeenea imani nchini kwamba ngoma, nyimbo na ufundi wa asili vinakufa kwa sababu havina mfadhili. Maofisa utamaduni wanaisema kwenye warsha, wasanii wanaiweka kwenye maandiko ya miradi, na sisi waandishi tunaikariri kila tamasha linapokwama. Wafadhili nao wameipokea kwa mikono miwili, maana inawapa nafasi ya mwokozi. Siku hizi wafadhili wa sanaa wanapokutana, iwe Nairobi, Arusha au Marekani ambako wana chama chao cha Grantmakers in the Arts, maneno mawili hayakosekani: mshikamano na haki ya jamii. Ni maneno mazuri na ninayaunga mkono. Tatizo ni kwamba yamesimamishwa juu ya imani hiyohiyo, na imani hiyo ni potofu. Anayetaka ushahidi aje Mbulu na Hanang.

Tuanze na Wadatoga wa Hanang, hasa Wabarbaig. Mzee mwenye heshima akifariki na ukoo ukaridhia afanyiwe bung'eda, mazishi yake hayaishi kwa siku moja. Kaburi huinuliwa kwa udongo na miti kwa miezi mingi, hata tisa, hadi siku ya kilele ambapo watu hufurika kutoka kila upande. Siku hiyo kuna nyimbo, kuna ngoma, kuna pombe ya asali. Nani amelipia? Wana wa marehemu, ukoo wake, wakwe na majirani. Huyu ametoa ng'ombe, yule ameleta asali, mwingine ametoa nguvu za mikono yake. Wazee wamekaa kikao, wameamua nani anastahili heshima hiyo, wamesimamia michango na wamehakikisha kazi imekamilika. Kwa kigezo chochote utakachotumia, huo ni mfuko wa sanaa, na umedumu kuliko mfuko wowote uliowahi kuzinduliwa hotelini.

Panda sasa Mbulu kwa Wairaqw. Wana slufay, utenzi mrefu wa baraka ambao mzee huutamka mbele ya kikao, nao waliokaa humwitikia. Mtaji wa slufay ni mzee aliyeijua lugha hadi mizizi, kikao kinachomheshimu, na vijana wenye nafasi ya kukaa na kusikiliza. Shuka bonde la Yaeda kwa Wahadzabe. Ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa kuchezwa. Jukwaa na taa, vitu ambavyo mfadhili wa sanaa hukimbilia kununua, vingeiua epeme usiku wa kwanza.

Basi kama sanaa hizi zina wafadhili wake tangu zamani, ni nini kinachozitishia? Hanang ina jibu lililohifadhiwa kwenye majalada ya mahakama. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na fedha na wataalamu wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla yalimeza takriban ekari laki moja, na hayo ndiyo yaliyokuwa malisho bora kabisa ya Wabarbaig. Nchi ilihitaji mkate, na wafugaji hawakushirikishwa kuamua. Trekta zilipita kwenye njia za mifugo, zikapita kwenye maboma, zikapita hata juu ya bung'eda. Kaburi lililojengwa kwa miezi, kwa ng'ombe na asali ya ukoo mzima, likasawazishwa likapandwa ngano.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyowapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Moja ya hoja zilizowaangusha ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu ambao mababu zao wamelala chini ya vichuguu vya udongo katika nyanda zile walitakiwa walete uthibitisho wa uenyeji, wakati uthibitisho mkubwa waliokuwa nao ndio uliokuwa unalimwa.

Naomba msomaji aupime mfuatano huo. Bung'eda za Basotu hazikufutika kwa sababu hakuna mfadhili aliyefika. Zilifutika mfadhili alipofika, tena kwa nia njema ya kulisha taifa. Ukimwambia Mbarbaig wa Basotu kwamba utamaduni wake unakufa kwa kukosa msaada, unamtukana mara mbili.

Najua nitajibiwa kwamba wale walikuwa wafadhili wa kilimo, na kwamba wafadhili wa sanaa wasihukumiwe kwa makosa ya wengine. Siukubali utetezi huo. Ukuta unaotenganisha kilimo na sanaa uko kwenye ofisi za wafadhili. Katika maisha ya Mbarbaig haupo. Wimbo wa bung'eda unahitaji kaburi, kaburi linahitaji ardhi, karamu inahitaji ng'ombe, na ng'ombe anahitaji malisho. Anayetoa ruzuku ya ngoma huku akinyamazia ardhi inayochukuliwa chini ya miguu ya wachezaji hajatenda haki yoyote. Amenunua maonyesho tu.

Tazama upande wa pili wa mambo. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye mizizi Falme za Kiarabu ilitaka kulitwaa bonde la Yaeda. Wahadzabe na watetezi wao wakapaza sauti, kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, ambalo aliyekuwa kiongozi wake, Edward Loure, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016. Hakuna aliyeuita mradi huo mradi wa sanaa. Hakuna tamasha lililoandaliwa, hakuna fulana zilizochapishwa. Lakini kwa epeme, hati ile ina thamani kuliko matamasha 100, kwa sababu inalinda pori ambalo bila hilo hakuna uwindaji, na bila uwindaji epeme inabaki mchezo wa kuigiza mbele ya watalii.

Wako watakaosema kwamba mfadhili akija, angalau kitu kinafanyika. Ni kweli, kinafanyika kwa muda wake. Zanzibar inafahamu kinachofuata. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuupa muziki wa Afrika jukwaa la heshima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kufundisha kizazi kizima cha wapigaji taarabu, kilifika ukingoni mwa kufungwa mwaka 2019 baada ya wafadhili wakubwa kuondoka. Taasisi hizi zimefanya kazi kubwa na waliozipigania wanastahili shukrani. Somo lake, hata hivyo, liko wazi: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Imani hii ya kumngoja mfadhili inatuharibu hata sisi kwa sisi. Kikundi cha ngoma kinaitwa kumpokea mgeni wa serikali. Akina mama wanasimama juani kuanzia asubuhi, wanaimba, wanacheza, kisha wanarudi makwao na soda moja moja. Anayewaita anaamini kwamba kulipa sanaa ni kazi ya mfadhili atakayekuja siku moja, na kwamba hadi siku hiyo sanaa ya mwanakijiji ni ya bure. Halmashauri inayomlipa fundi wa maturubai na mwenye vipaza sauti, ikaacha kumlipa mwimbaji, haina uso wa kulalamika kwamba utamaduni unapotea.

Sisemi fedha haina kazi. Kijana wa Dongobesh anayetaka kurekodi nyimbo za Kiiraqw anahitaji studio. Kihadza, lugha isiyo na ndugu wa karibu duniani, kinahitaji kuhifadhiwa kwa sauti na maandishi kwa ridhaa ya wenyewe. Fedha na ije, lakini ije ikijua kwamba imekuta wafadhili waliotangulia, na ikae chini yao.

Kwa hiyo nawaambia wafadhili wanaohubiri mshikamano: kutaneni Haydom. Pale Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na Kinyiramba, lugha za familia nne tofauti, zinasikika katika mji mmoja. Kaeni kwenye kikao cha wazee mkiwa wageni, msiwe wenyekiti. Ulizeni kwanza habari za ardhi, ndipo muulize habari za ngoma. Lipieni upimaji wa mipaka, mipango ya matumizi bora ya ardhi, hati za kimila na mawakili, na muiite kazi hiyo kwa jina lake halisi, ufadhili wa sanaa. Pokeeni taarifa kwa mdomo, kwa lugha ya mwenye kazi, na waacheni wazee waamue kipi kimefanikiwa. Na wenye vyeo wilayani, mlipeni mwimbaji kama mnavyomlipa fundi wa vipaza sauti.

Mkutano wa haki ya jamii usiothubutu kutamka neno ardhi mbele ya watu wa Basotu ni mkutano wa wafadhili kujipongeza. Wabarbaig, Wairaqw na Wahadzabe wamezilipia sanaa zao kwa ng'ombe, kwa asali na kwa jasho. Deni walilonalo wengine kwao ni ardhi, na lianze kulipwa.