MCHEZA KWAO HUTUNZWA: ADA YA FUNDI HODARI

Wahenga walinena, "Mcheza kwao hutunzwa." Neno hili sisi makarani twalijua sana kwa vinywa, lakini tukitazama vyuo vya ufundi twaona kwamba hatulitendi.

Tangu Januari 2016 Serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule zake za sekondari, kidato cha kwanza hata cha nne. Na mwaka 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Mwaka huo huo ukaanzishwa ufadhili wa Samia, ili vijana waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita wasomeshwe chuo kikuu. Twashukuru kwa hayo yote, wala hatuyaonei kijicho. Lakini kijana aliyetoka kidato cha nne akashika njia ya useremala, uashi au umeme katika chuo cha VETA, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, aliendelea kudaiwa ada, hali mwenzake wa kidato cha tano hakudaiwa. Je, mizani hiyo ni sawa?

Lawama hii sisi nasi tuna fungu letu. Chama cha watumishi wa Serikali Waafrika kilipoundwa Tanga mwaka 1922, kwa juhudi za Martin Kayamba na wenzake, kalamu ilikuwa ngazi ya heshima, na wazee wetu waliipanda kwa haki. Ila sisi tulioirithi tumewafundisha watoto wetu kwamba aendaye chuo cha ufundi ni yule aliyeshindwa. Twanena hivyo hali tumekalia viti alivyovitengeneza fundi, chini ya paa aliloliezeka fundi. Na taa ikizimika hatumwiti karani.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, kila chuo kiwasamehe ada ya mwaka unaofuata wanafunzi walio hodari katika kila fani. Msamaha uwakute wangali wakisoma, maana zawadi ya siku ya kuagana haimrudishi aliyekwisha kuondoka kwa kukosa ada. Pili, uhodari upimwe karakanani, si katika karatasi peke yake: kiungo cha mbao kishike, ukuta usimame wima, waya zisilete hatari. Tatu, pamoja na msamaha mwanafunzi apewe vifaa. Seremala asiye na randa atajifunza kwa macho tu. Nne, majina yabandikwe mlangoni pamoja na alama, watu wote wayasome. Sisi tu watu wa ofisi, na twajua jinsi orodha iwezavyo kugeuka ikiwa imefungiwa sandukuni.

Wako watakaosema, "Asamehewe maskini, si hodari." Twajibu kwamba kumsaidia maskini ni wajibu, nao usipunguzwe hata kidogo. Lakini tuzo ni jambo jingine. Msaada huondoa dhiki. Tuzo huleta heshima, na heshima ndiyo iliyopungukia ufundi.

Wala tusingoje Serikali peke yake. Kila tawi la chama chetu laweza kuchanga na kumlipia ada mwanafunzi mmoja aliye hodari katika chuo kilicho karibu nalo, awe mvulana au msichana. Kutoa ni moyo, si utajiri. Tukianza na mmoja, watoto wetu wataona kwa macho yao kwamba nyundo nayo hutunzwa.