Muzee si pubele ya simu zetu

Pale Mutoshi, sawa vile pahali pengi pa Kolwezi, kuko desturi moja ambayo hatuipendi. Kijana ananunua simu mupya, halafu ile ya zamani, kioo kimepasuka, bateri imevimba, anaipeleka kwa baba yake ao kwa mama yake. Anasema: "Nimemupatia muzee telefone." Jamaa wanashukuru. Nyuma ya siku tatu simu imekufa, muzee ameiweka juu ya kabati, na mutoto akipiga toka Lubumbashi anasikia tu ile sauti ya mwanamuke kwamba namba haipatikani. Kisha tunasema: wazee hawajui simu.

Wanajua. Wengi wao walitumika Gécamines, kwenye mugodi huu wetu ambao watu wa kwanza waliuita Ruwe. Waliongoza mashine nzito kuliko kitu chochote sisi tumekwisha kushika. Wengine walitoka kazini mwaka 2003 na 2004, katika ile operesheni ya départs volontaires iliyoondosha watumishi zaidi ya 10,000. Mutu wa namna hiyo hawezi kushindwa na Nokia 105. Kinachomushinda ni simu isiyokuwa ya maisha yake, na forfe ambayo aliyeitengeneza hakuwaza juu yake hata dakika moja.

Kwetu sisi, simu ya muzee inapaswa kuwa ya kufinya: namba kubwa, zenye kusikika chini ya kidole. Si aibu. Bateri yake inashika siku nyingi, na hapa hilo njo jambo la kwanza, juu courant ya SNEL inaenda na inarudi vile inapenda. (Inachekesha kidogo: kobalti yetu inaingia ndani ya bateri za dunia nzima, na muzee wa Mutoshi anatembea kutafuta nani atamuchajia simu.) Torchi pia ni lazima, si mapambo: choo kiko inje na usiku ni giza. Radio iwe ndani, lakini uulize kama inaimba bila ekuta, kwa sababu simu nyingi ndogo zinatumia ule uzi kama antene, na uzi hauchelewi kukatika.

Mbele ya kulipa, uliza sauti. Wazee waliopita miaka makumi pembeni ya mashine hawasikie vizuri. Toka na simu inje ya duka, simama pembeni ya barabara pale malori yanapita, mwambie mutu akupigie. Kama wewe kijana hausikie, yeye atasikia nini? Kisha ukae naye saa moja, si dakika tano. Mufundishe kufinya 2 kwa muda mrefu na simu inaita binti yake mukubwa, 3 inaita muganga ao jirani mwenye moto. Andika namba hizo pia kwenye karatasi na uibandike ukutani. Simu inaibiwa, ukuta hauibiwi.

Kuhusu mutandao, usifuate matangazo. Angalia nani anamupigia. Kama watoto wote wako kwa 081 na 082, hakuna haja ya kumuwekea Airtel peke yake, hata kama yeye bado anaiita Celtel, jina ambalo lilikwisha kuondoka mwaka 2008. Kama jamaa imegawanyika, mupe simu ya SIM mbili: moja ya 081, nyingine ya 097 ao ya 084. Na mutandao ujaribiwe ndani ya chumba chake, pale kitanda kiko, hapana kwenye kona ya barabara.

Sasa forfe. Hapa njo tunakasirika. Forfe ya saa 24 yenye dakika mingi ni ya mutu wa biashara. Muzee anapiga mara mbili kwa juma: kuuliza mujukuu amepona, kusema kilio kiko kwa nani. Dakika zake zinakufa usiku, kesho anaanza tena kutafuta franka. Heri umutumie yunite za kawaida, kidogo kidogo, ao forfe ya sauti ya mwezi muzima, na usimununulie mega ambazo simu yake haiwezi hata kula. Zaidi ya yote, wewe njo upige. Mutoto mwenye kazi ambaye anangoja bip ya mama yake, huyo hatuna maneno yake.

Kuna kidonda cha zamani katika mambo haya. Toka mwezi wa 9 mwaka 2020, ushuru wa RAM ulikuwa unakatwa moja kwa moja kwenye yunite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Muzee anaweka yunite asubuhi, mangaribi anakuta zimepunguka. Kuko nyumba ambamo wajukuu walisingiziwa wizi. Ushuru ule uliondolewa mwanzo wa 2022, lakini woga ulibakia, na mutu mwenye woga anapatia kijana wa kabini simu yote pamoja na namba ya siri ya M-Pesa, "nisaidie, mwanangu." Hapo njo wezi wanaingia. Namba ya siri ijulikane na muzee na mutoto mumoja tu. Na mutu akipiga akisema yeye ni wa kampuni, akaomba ile namba, akate simu bila kuaga.

Wengine watatuambia: mama anataka kuona sura ya wajukuu kwa WhatsApp. Ni kweli, na ni haki yake. Lakini hiyo ifanyike kwa simu ya mutoto anayekaa naye, siku ya Mungu mangaribi, wote wakiwa wamekaa. Isiwe simu yake ya pekee, ile ya kuita watu akianguka. Na muuzaji akikuonyesha simu ndogo ya KaiOS akisema "iko na WhatsApp", jua kwamba toka 2024 WhatsApp ilikwisha kufunga mulango wa kuiweka mupya kwenye simu za namna ile.

Kwa makampuni tunaomba vitu viwili: yunite za wazee zisizokufa, na ujumbe wa Kiswahili kila mara kitu kinakatwa, ukisema kimekatwa juu ya nini. ARPTC iko na uwezo wa kuwauliza. Wakati wa RAM watu walilalamika mpaka wabunge wakamuuliza waziri maswali, na ushuru ukatoka. Juu ya yunite za mama zinazokufa usiku, bado hatujasikia mubunge wa Lualaba akiuliza.