Kikopo cha mume
Na Mama Chausiku

Jumanne goti langu lilinipeleka zahanati. Ndiyo, goti lile lile, na mnaoendelea kuniletea mafuta ya nyonyo, asanteni, ya mwaka jana hayajaisha.

Kwenye benchi nilikaa na binti mmoja, faili lake limevimba kama la kesi ya kiwanja. Kapimwa damu, kapimwa ultrasaundi, kapigwa picha ya mirija, na nyumbani mama mkwe anamnywesha mizizi ya "kusafisha kizazi". Ndoa miaka minne, mtoto hakuna. Mume? Yuko nje kakaa kwenye karavati, anavuta. Machinga wa pipi na sigara anamuuzia moja moja. Hadi naitwa mimi, nilishahesabu nne.

Mama mkwe naye alikuwepo. Akaniinamia: "Shoga, mwanangu hana neno, yule dume." Kajuaje? Kampimia wapi?

Hapo nikapandwa na hasira. Moshi ule una kadimiamu na sumu nyingine, zinaingia kwenye damu mpaka korodani. Mbegu zinapungua, zilizobaki zinaogelea kivivu, nyingine vichwa vimepinda, na hata itakayolifikia yai huenda imebeba vinasaba vilivyokatikakatika. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, limeweka mstari wa chini kwenye mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Ndevu hazimo kwenye kipimo hicho, shoga. Na karibu nusu ya ndoa zinazohangaika, mume naye ana mkono wake.

Najua, babu yako alivuta kiko akazaa kumi na wawili. Hata Manzese wapo wanaovuka barabara wamefumba macho na wakafika.

Muuguzi akatoka. "Baba, karibu, sasa ni zamu yako." Akampa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Kijana akakitazama kama kapewa nge. Muuguzi, kwa upole ambao mimi sina, akamweleza kuwa mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa; akiacha leo, baada ya miezi mitatu zitakuja ambazo hazijaonja moshi.

"Sawa, dada," akaitikia, akatoka nacho.

Binti akanishika mkono. Ndiyo kwanza nikamwona anatabasamu asubuhi ile.

Bajaji yangu ilipopita getini nikamwona pale pale karavatini. Kikopo kiko pajani, kifuniko wazi, anakung'utia majivu.