Mita Sitini Kutoka Wapi?



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja mjane alinisubiri kwenye baraza ya msikiti, bahasha ya kaki mkononi. Nyumba yake ipo upande wa ziwani, hapa Nyegezi, na marehemu mumewe aliijenga kabla hawajapata mtoto wa kwanza. Watu waliopita na utepe wa kupimia walikuwa wamechora alama ya X nyekundu ukutani, wakamwambia kuwa ramani ya maeneo ya mafuriko inarekebishwa na nyumba yake imeangukia ndani ya mita 60.

"Ustadhi, mita sitini kutoka wapi?" aliniuliza. "Mume wangu alipojenga, maji yalikuwa kule chini kwenye mawe."

Usiku ule sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na ninaliweka hapa kwa sababu naamini si yeye peke yake anayelihitaji.

Mita 60 zenyewe zimo katika sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inaitaja ardhi ya namna hiyo miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sisi Waislamu hatupaswi kulishangaa jambo hili. Mafakihi wetu wa zamani waliandika juu ya harimu ya kisima na harimu ya mto, yaani eneo la pembezoni lisilomilikishwa mtu ili maji yasiharibiwe na watu wasizuiwe kuyafikia. Kwa hiyo anayesema kuwa mstari huo ni dhulma tupu hajasema haki.

Mgogoro upo kwenye pahala pa kuanzia kupima. Ziwa letu halina ukingo mmoja. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, wakati Tanganyika inapata uhuru, zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na Mei 1964 kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.41. Baadaye maji yalishuka, na kufikia 2006 yalikuwa chini mno. Aliyejenga miaka ile aliuona ufukwe mpana mbele yake. Kisha Mei 2020 ziwa likaivuka alama ya 1964, na mwaka 2024 likapanda tena.

Sasa fanya hesabu, ndugu msomaji. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 30, maji yakipanda mita 2 husogea mita 60 nchi kavu. Eneo lote la hifadhi linamezwa bila nyumba kusogea hata hatua moja. Mtu aliyejenga mita 100 kutoka majini atajikuta amebakiwa na mita 40, naye ataitwa mvamizi. Ndiyo maana swali la yule mama ndilo swali la kwanza la kuandikwa kwenye barua ya pingamizi: mstari umepimwa kutoka ukingo wa mwaka gani, na kwa kipimo cha nani?

Barua hiyo ina mahali pa kwenda. Alama ya ukutani si tamko la ardhi hatarishi. Sheria ya Ardhi inataka rasimu ya tamko itangazwe kwanza, wanaoikalia ardhi hiyo waarifiwe, nao wapate nafasi ya kutoa maoni yao kwa Kamishna wa Ardhi. Andikeni mapema, wakati mstari ungali pendekezo. Ipitisheni barua kwa mtendaji wa mtaa, na mbaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe. Nakala zipelekwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na NEMC, ambao wote wana ofisi hapa Mwanza. Majirani wakichangishana wanaweza kumlipa mpima ardhi mwenye leseni; vipimo vyake vitasikilizwa kuliko kelele zetu sote. Tafuteni pia ramani ya upimaji, stakabadhi za kodi ya ardhi, hata picha ya harusi ya zamani ambayo ziwa linaonekana nyuma ya maharusi.

Msiiache mahakama iwe kimbilio la dakika ya mwisho. Anayetaka kuishitaki Serikali au halmashauri hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na katapila halihesabu siku hizo. Wakili anaweza kuomba zuio la muda Mahakama Kuu, lakini hulipata kwa ajili ya waliomtuma. Bomoabomoa ilipoanza bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, Desemba 2015, wakazi walikimbilia mahakamani, na mwezi uliofuata waliofungua kesi wakapata zuio. Mwenye kusema "nitajiunga baadaye" hana jina kwenye orodha. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi kilikuwa ndani ya bahasha. Kila karatasi ilikuwa na jina la marehemu. Ni miaka tisa tangu azikwe, na mirathi haijafunguliwa. Hakuna msimamizi, hivyo kisheria hakuna mwenye mamlaka ya kuisemea mirathi ile mahakamani. Tunaisoma elimu ya faraidhi madrasa, tunaijua thumuni ya mjane na mafungu ya watoto, kisha tunaliacha jambo lenyewe lilale kabatini kwa kuogopa kuonekana tunagombea mali. Familia na ikae, imteue msimamizi, iende Mahakama ya Mwanzo. Nami sijitoi lawamani: kiwanja cha madrasa yetu tulipewa wakfu kwa mdomo na mzee ambaye sasa ni marehemu, na mimi katibu bado sijakamilisha usajili wake.

Kuna ndugu mwingine alinijia akitaka barua ya msikiti ithibitishe kuwa maji hayajapata kufika kwake. Mwaka 2020 mimi na vijana wa msikiti tulimtolea magodoro, maji yakiwa magotini. Nilikataa. Ushahidi ni amana, hata kwa jirani tunayempenda, na uongo mmoja ukibainika utazivunja barua za wakweli wote. Yeye hana hoja dhidi ya mstari. Hoja yake ni fidia, na sheria inataka iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Asikubali kuambiwa haraka kuwa bondeni hakulipwi kitu. Katika mradi wa Msimbazi wakazi wengi walianza kwa kuambiwa kuwa ardhi yao hailipwi. Walipoendelea kulalamika, Serikali iliongeza shilingi milioni 4 kama kifuta jasho cha ardhi, mbali na thamani ya jengo. Ni kidogo, lakini kilipatikana kwa kusema.

Mama yule na shemeji zake wanakwenda Mahakama ya Mwanzo Jumatatu, inshaallah. Barua ya pingamizi ya majirani ninayo, na mpaka naandika haya ina sahihi 11. Anayeishi upande ule na anayetaka kusaini anikute msikitini Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, aje na nakala za karatasi zake.