Masasi Nayo Ina Mji Mkongwe

Nikisema natoka Masasi, wenzangu bwenini wanauliza habari za korosho tu. Jamaa mmoja wa Unguja alinitania kwamba kwetu hakuna mtaa wa zamani hata mmoja, ni majabali na mikorosho. Nilicheka, ila jibu sikuwa nalo. Nilikuja kulipata likizoni, barazani kwa bibi.

Kweli, ukitafuta milango ya nakshi Masasi utarudi mikono mitupu. Mtaa wetu wa kale uliungua, tena mara mbili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi walikuwa wametekwa. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Wamagwangwara, walivamia, wakachoma na kuteka watu. Misheni ikapanda Newala, kwa Matola, mtawala wa Wayao. Baadaye Masasi ikajengwa upya. Mwaka 1905, vita vya Majimaji, moto tena.

Newala nako tunakujua kwa picha moja: mtu amesimama Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma na Msumbiji viko mgongoni, miwani usoni. Sawa, pazuri, na upepo wa jioni unadai sweta. Lakini ni wangapi tunajua kwamba mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa hapohapo Newala akirekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu? Sauti za wazee wetu zilifika Ujerumani kabla yetu sote.

Turudi kwa bibi. Nilimuuliza, "Bibi, sisi kabila gani hasa?" Maana Masasi tunajiita Wamakua, kwa wajomba Newala tunakuwa Wayao.

"Mjukuu wangu, babu yake baba yangu alikuja kwa miguu kutoka Lindi, na watu wa misheni. Alikotoka kabla ya hapo, hakusema."

Mama akadakia kutoka jikoni: "Mama, hayo ya nini sasa?"

Nimelifikiria sana hilo swali la mama. Muhula ujao naenda BTP, na nikipangiwa historia nitafundisha biashara ya utumwa kama nilivyofundishwa mimi: Bagamoyo, Zanzibar, sababu tano, athari tano, nakili ubaoni. Miaka minne nimekaa darasani Masasi nikinakili, hakuna aliyeniambia kwamba mji niliokalia ulianzishwa na watu hao. Mimi naona hilo ni kosa, na sisi wa ualimu ndio tutakaolirudia. Somo lianzie pale misheni, chini ya majabali, watoto wapaone.

Ila mama naye ana hoja. Anasema kwenye ugomvi wa shamba au posa ikiharibika, bado kuna mtu atakutupia neno "mtumwa". Kwa hiyo sitamwambia mwanafunzi asimame ataje ukoo wake. Mahali patajwe, za ukoo wake atazisema mwenyewe akitaka.

Makala hii nilimsomea mama kwa simu. Akaomba nitoe jina la mtaa wetu, nikalitoa. Bibi alikuwa pembeni anasikiliza. Yeye alitaka libaki.