Nidhamu ya Mshindi Huanza kwa Kuuchagua Mchezo

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husikika aghalabu viwanjani, pale timu iliyofungwa inapotulizwa. Hata hivyo, ukiitafakari kwa kina utagundua kwamba imebeba kanuni nzito kuliko faraja: asiyejua kushindwa kidogo hawezi kushinda pakubwa. Kanuni hii ni ya kweli. Linalosikitisha ni kwamba siku hizi inatumiwa miongoni mwetu, wanafunzi wa vyuo vikuu, kuhalalisha jambo lisiloihusu hata chembe.

Jambo lenyewe ni kamari ya simu. Mabwenini pamezuka hoja yenye sura ya usomi. Husemwa kwamba wapo watu duniani wanaoishi kwa kucheza karata. Kwamba siri yao si bahati bali ni nidhamu. Na kwamba mwanafunzi mwenye nidhamu ya aina hiyo anaweza naye kujipatia karo na masurufu kwa kubashiri matokeo ya mechi. Nusu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli. Nusu ya pili ni upotovu mtupu. Makala haya yanadhamiria kuzitenganisha nusu hizo mbili, kisha kuonyesha kwamba sisi tulio Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki hatuna haja ya kuvuka bahari ili kujifunza nidhamu ya mshindi. Shule yake ipo hapa hapa.

Tuanze na hao wacheza karata. Mchezo wao huitwa poka na huchezwa kwa karata 52. Katika aina yake iliyoenea zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa awamu. Katika kila awamu mchezaji huamua kuongeza dau, kulifikia dau la mwenzake, au kuzitupa karata zake na kujitoa. Mashindano yake mashuhuri yamekuwa yakifanyika Las Vegas, Marekani, tangu mwaka 1970. Mwaka 2003 mhasibu mmoja aitwaye Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mchezo wa intaneti, aliyashinda na kutwaa dola milioni 2.5. Tangu hapo vijana wengi wa nchi mbalimbali wameamini kwamba nao wangeweza.

Nidhamu ya wachezaji hodari wa poka ina nguzo nne. Ya kwanza ni subira. Uwezekano wa kupewa ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia, ni mara moja katika mara 221. Kwa hiyo mchezaji hodari huzitupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza. Ya pili ni kuulinda mtaji: hatii mezani fedha ambazo akizikosa atalala njaa. Ya tatu ni kuitawala hasira. Aliyepoteza dau kubwa hushikwa na hamaki, akataka kulirejesha papo hapo, na hapo ndipo hupoteza vyote. Ya nne, na ndiyo ngumu kuliko zote, ni kuupima uamuzi wenyewe badala ya matokeo yake. Mwenye ree mbili akikabiliana na mwenye wafalme wawili atashinda takriban mara 82 katika mara 100. Hizo 18 zilizosalia atashindwa, ilhali hakukosea lolote. Asiyeweza kuustahimili ukweli huo, akaanza kubadilisha mbinu sahihi kwa sababu ya tukio moja, hafai kuketi mezani.

Subira, ulinzi wa mtaji, utulivu na uamuzi wa busara: ni nani kati yetu atasema kwamba sifa hizi ni ngeni katika Kaskazini Mashariki?

Mtazame mzee wa Kisomali aketipo kivulini kucheza shax. Mistari ya miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, huchorwa mchangani, na kila mchezaji huwa na kete 12, ambazo zaweza kuwa vijiwe au vijiti. Nafasi ubaoni ni 24, hivyo kete zote zikishapangwa ubao hujaa pomoni. Wakati wa kupanga, hakuna anayekula kete ya mwenzake. Mtu hutia kete moja moja, akijua kwamba pengo atakaloliacha sasa litamgharimu baadaye, pale kete zitakapoanza kusogezwa na kila safu ya kete tatu kumruhusu mwenyewe kuondoa kete ya mpinzani. Katika mchezo huu hakuna karata iliyofichwa wala bahati ya kusingiziwa. Aliyeshindwa ameshindwa na akili ya mwenziwe pamoja na pupa yake mwenyewe. Hiyo ni shule ya subira, na haitozi ada.

Shule ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni soko la mifugo. Soko la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Hupokea mifugo kutoka kaunti yenyewe na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, na kuwapeleka wengi wao Nairobi, safari ya takriban kilomita 370. Wafanyabiashara wa mifugo wa Kisomali wana desturi ya kupatana bei kwa kushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikisema kile ambacho kinywa hakisemi. Mpita njia haoni kitu. Dalali hafichui furaha wala huzuni, kwa maana uso unaosomeka hupoteza bei. Mchezaji wa poka angemwona dalali huyo kuwa mwalimu wake.

Ila uzito wa soko hilo hauko vidoleni. Uko katika swali la lini mtu auze na amuuze mnyama yupi. Mfugaji huishi kwa kutegemea misimu miwili ya mvua: Gu, kuanzia Machi hadi Mei, na Deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Deyr na Gu huja kiangazi kikali cha Jilaal. Mfugaji mwenye busara hangoji mifupa ya ng'ombe ihesabike ndipo ampeleke sokoni. Huuza madume na majike tasa wangali na nyama, akawabakiza majike wa kuzaa ili kundi lipate kufufuka mvua irudipo. Kuuza mapema kunauma, hasa mvua ikinyesha wiki inayofuata na jirani akamcheka. Hata hivyo uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa yale aliyoyajua siku aliyouza. Hapo ndipo tunapoiona nguzo ya nne ya wacheza karata katika maisha halisi, ambapo dau ni maziwa ya watoto.

Ikumbukwe pia kwamba hata nidhamu hii ina mipaka. Kuanzia Deyr ya mwaka 2020 hadi Deyr ya mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2023, mafuriko ya El Niño yakaikumba Garissa iyo hiyo iliyokuwa ikililia maji. Wapo wafugaji waliofanya kila lililo sahihi na bado wakafilisika. Ndiyo maana jamii zetu hazikutegemea akili ya mtu mmoja pekee. Ziligawa mifugo kwa jamaa wa mbali, zikatoa zaka, zikachangiana. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kuuza Wajir bima ya mifugo inayofuata sheria ya Kiislamu, ambayo hupima ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti, na mwaka 2014 wafugaji wakaanza kulipwa fidia. Bima hiyo ni michango ya watu wanaobebana katika janga ambalo hakuna aliyelitafuta. Kamari ni kinyume chake: ni kuitengeneza hatari pale ambapo haikuwepo.

Sasa tuigeukie simu. Baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007 na kampuni za kubashiri kuenea katika muongo uliofuata, dau lilitoka kwenye kasino za mijini likaingia mfukoni mwa kila mwenye laini ya simu. Tuifanye hesabu wenyewe. Chukua shindano lenye pande mbili zilizo na nafasi sawa. Kampuni ikikulipa shilingi 190 kwa kila dau la shilingi 100 lililoshinda, basi katika madau 100 utakuwa umetoa shilingi 10,000 na kupokea 9,500. Ukizizungusha fedha zote zinazobaki mara kumi, kila shilingi 100 zitakuwa zimepungua, kwa wastani, hadi takriban shilingi 60. Na hapo kodi haijatajwa. Pengo hilo halitokani na pupa yako. Limejengwa ndani ya mchezo wenyewe, kwa kuwa ndilo pato la kampuni.

Je, na ile zawadi kubwa ya mamilioni? Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri mechi 17, na habari zake zikaenea nchi nzima. Kila mechi ina matokeo matatu: ushindi wa nyumbani, wa ugenini au sare. Michanganyiko inayowezekana ni 129,140,163, idadi inayozidi mara mbili na nusu watu wote waliohesabiwa nchini Kenya mwaka 2019. Utasema kwamba wewe unaijua kandanda. Haya, tukupe ujuzi wa kupatia mechi mbili katika kila tatu, ujuzi ambao ni adimu mno. Bado utapatia zote 17 takriban mara moja tu katika majaribio 1,000. Ukijaribu kila wiki, wastani wa kungoja ni miaka 19. Shahada ya kwanza huchukua minne.

Hapa ndipo nusu mbili za hoja ya mabwenini zinapoachana. Nidhamu humfaa mchezaji pale tu mchezo unapoilipa nidhamu. Mchezaji wa poka hushindana na watu walioketi naye, hivyo akiwazidi akili anaweza kufaidika. Mchezaji wa simu hushindana na bei iliyopangwa na kampuni, na ni desturi inayojulikana ulimwenguni kwa kampuni hizo kuwawekea mipaka wachache wanaoshinda mara kwa mara. Kupanga bajeti ya dau, kuweka daftari na kutuliza hasira katika mchezo kama huo ni kujifunza kupoteza kwa utaratibu. Ndiyo maana mchezaji hodari, kabla ya kuzitazama karata, huitazama kwanza meza, na meza mbaya huinuka asiikalie.

Huenda mtu akaniuliza: je, basi tucheze poka? La hasha. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika eneo hili, Kurani imeikataza kamari waziwazi katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, na hilo latosha. Kwa asiyefuata imani hiyo, azingatie kwamba poka haizalishi kitu. Faida ya mmoja ni machozi ya mwingine, na mwenye meza hukata sehemu yake, hivyo jumla ya wachezaji lazima itoke na hasara. Soko la mifugo halivuni hivyo. Muuzaji hupata ada ya shule, mnunuzi hupata nyama ya kuuza, na wote wawili waweza kurudi nyumbani wakiwa wamefaidika.

Mwingine atasema kwamba vijana hubashiri kwa sababu hawana kazi, na kwamba mahubiri hayashibishi. Sina ubishi kuhusu ukosefu wa kazi. Nasema tu kwamba mwenye kidogo ndiye asiyeweza kukitia moto. Mkopo wa HELB si zawadi bali ni deni litakalodaiwa, na mwanafunzi anayeutia katika dau anakopa ili apoteze, kisha alipe alichokipoteza.

Tufanyeje basi? Sisi tulio wanachama wa vyama vya Kiswahili tunayo kazi inayotuhusu moja kwa moja, nayo ni lugha. Kampuni zimetuletea "kubeti" na "kubashiri", maneno yanayoipaka kamari rangi ya burudani na ya elimu. Wenzetu wa Tanzania wana chombo cha serikali kiitwacho Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, jina linalokiri kwamba kinachofanyika ni kubahatisha. Nasi tuliite jambo kwa jina lake katika insha zetu, mijadala yetu na mabango yetu: kamari. Pili, tuandae mashindano ya shax na bao vyuoni, kwani kijana hutafuta ushindani kabla ya kutafuta fedha. Tatu, tuandike hesabu hizi za uwezekano kwa Kiswahili sanifu, ili mwanafunzi wa sekondari ya Dadaab, Mandera au Wajir azipate kabla hajapata laini ya simu.

Wasomi wenzangu, akili ni mali, lakini mali hutiwa mahali inapozaa. Subira tuliyorithi kwa wazee wa shax na kwa wafugaji waliovuka Jilaal nyingi ni mtaji mkubwa mno kuupeleka mahali ambapo mwenye meza amekwisha kukata fungu lake kabla hatujaketi. Tuipeleke maktabani, sokoni na malishoni. Huko nako tutashindwa mara kwa mara, ila tutashindwa kwa namna inayofunza, na asiyekubali kushindwa namna hiyo ndiye hasa asiyekuwa mshindani.